Shingo Baridi ya Gitaa la Thadeus

Kwa aliyefungiwa maandazi kwa gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, habari ni hii: Kimanzi amenunua gitaa, na gitaa limekuja na mwenyewe.

Kimanzi wa Kaloki, mpiga solo wa bendi ya Vumbi Jekundu pale Voi, alikuwa na gitaa la mbao. Joto la Voi likalipinda shingo kama muhogo, nyuzi zikainuka, vidole vikatoka damu. Mzee Kituku, mwenye bendi, akamwambia atafute jingine au apishe kiti. Kimanzi akapanda pikipiki hadi Kishushe, kwa mjane aitwaye Lois. Akauziwa gitaa la umeme la Marekani, la miaka ya sabini, ambalo mzungu mtafuta madini alimwachia marehemu mumewe, Thadeus.

Shingo ya gitaa hilo si mbao. Ni alumini tupu, kipande kimoja kutoka kichwani hadi ndani ya tumbo.

Kimanzi akiwa mlangoni, anaondoka, aliuliza mzee alikufa vipi. Lois alijibu neno moja.

"Akipiga."

Akafunga mlango.

* * *

Voi ukiacha bati juani unaweza kukaangia yai. Lakini shingo ile ukiishika asubuhi, ni kama umeshika mkono wa mtu aliyelazwa mochari.

Kimanzi alilitundika gitaa sebuleni, juu ya kochi. Mkewe, Mwende, ambaye huuza mitumba sokoni, alilivumilia kwa muda mfupi tu.

"Baba Kavinya, hicho kitu chako kimelia tena."

"Ni treni, Mwende. SGR ikipita ukuta unatikisika, nyuzi nazo zinaitikia. Chuma husikiana na chuma."

"Sawa. Treni ya mchana imeshapita?"

Kimanzi akatazama simu yake. "Bado."

"Basi kimeitikia nani?"

Walikaa wote wawili kwenye kochi wakilisikiliza. Lilikuwa limenyamaza, lakini unyamavu wake ulikuwa wa mtu aliyekatiza maneno wenzake walipoingia.

"Kesho," Mwende alisema, "kitafutie pa kulala."

* * *

Kesho yake Kimanzi alilipeleka kwa Donald. Donald ndiye mpiga besi wa bendi, na mchana hutengeneza redio na televisheni kwenye kibanda chake karibu na soko. Kabla ya kulishika alilizunguka, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Ulitaka la kupiga au la kutazama?"

"La kupiga."

"Basi ndugu yangu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia." Alilivaa, akaachia mikono. Kichwa cha gitaa kikaanguka chini kama cha mlevi. "Umeona? Mkono wa kushoto utabeba badala ya kupiga. Halafu chuma hiki kikipata joto la mkono kinatanuka. Sauti zinahama. Utakuwa unakaza nyuzi kila baada ya wimbo, watu wanakungoja."

"Mbao nayo hupinda."

"Mbao hupinda pole pole, kama mtu anavyozeeka. Hiki hakizeeki. Hicho ndicho kinanitisha." Alilirudisha haraka. "Wauzie wale wa Nairobi wanaoweka vitu kwenye kabati la kioo. Wewe tafuta gitaa la Mkristo."

Kimanzi hakubishana. Alichomeka waya kwenye spika ndogo ya kibandani, akapiga noti moja.

Ilitoka safi, kama kengele. Ikasimama. Noti za gitaa lolote huinama, hufifia, huenda zake. Hii ilisimama pale kibandani katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, haitaki kukaa.

Mama aliyeleta pasi yake itengenezwe akageuka kutazama nani ameingia.

"Basi, acha," Donald alisema.

"Nimeshaacha."

"Acha, nimesema."

Kimanzi akamwonyesha mikono yake miwili. Ilikuwa hewani, haigusi kitu. Noti ilikuwa bado inalia.

Ilipokwisha, Donald alifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vumbi. "Piga tena," akasema.

Walipiga hadi kibanda kikafungwa. Mgongo ulimuuma Kimanzi, bega likamchubuka, nyuzi alizikaza mara nyingi kama Donald alivyotabiri. Lakini alipokuwa akienda nyumbani aliona vidole vyake havijatoka damu. Na akajua, kwa hofu kidogo, kwamba hatawahi kurudi kwa mbao.

* * *

Jumamosi bendi ilialikwa harusi Wundanyi.

Kimanzi na Donald walitangulia na vijana wa ngoma. Mzee Kituku alikuja nyuma na gari la vyombo. Huko juu ukungu ulikuwa haujaondoka, na gitaa lililozoea joto la Voi lilikataa kabisa kukaa kwenye sauti. Kimanzi alikuwa ameinama, anazungusha vifungo, Kituku alipoingia hemani akiwa amebeba waya mabegani.

Kituku aliliona gitaa.

Aliketi juu ya spika kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Mzee, u mzima?"

"Umelitoa wapi hilo?"

"Kishushe. Kwa mjane mmoja."

Kituku hakuuliza jina. Alisimama, akaunganisha ile amplifaya kubwa nyeusi ambayo hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kuigusa, na shughuli ikaanza.

Mchana wote aliimba akiwa amempa Kimanzi mgongo.

Wimbo wa kwanza haukuwa kitu. Wa pili gitaa likapata joto, likatulia, na Kimanzi akaliachia. Vijana walikimbilia uwanjani kucheza. Wazee ndio walioacha kula. Mama mmoja wa makamo aliweka sahani chini, akajifunika leso usoni. Mwanamume mmoja alivua kofia, akaishika kifuani, akabaki hivyo hadi wimbo ukaisha.

Msimamizi wa sherehe alikuwa Vincent, mjomba wa bwana harusi. Alikuja mbele na maikrofoni, macho yamemlowa.

"Wageni wetu, sauti hii wengine wetu tunaijua. Tulidhani tuliizika. Hebu tumjue huyu kijana. Sema, baba, unaitwa nani?"

Akamsogezea Kimanzi maikrofoni mdomoni.

Kimanzi alifungua mdomo. Kabla jina halijatoka, Kituku aliruka kutoka upande wa pili wa jukwaa, akaupiga mkono wa Vincent kwa nguvu zake zote. Maikrofoni ikaruka, ikaanguka, spika zikapiga mayowe. Bibi harusi naye akapiga mayowe.

"Kituku! Una wazimu?" Vincent aliuliza, ameshika kiganja chake.

Kituku akasimama kati yake na Kimanzi. "Asiseme kitu. Akiwa na hilo gitaa mkononi, asiseme kitu mbele ya maiki. Mimi nitamsemea."

Aliiokota maikrofoni, akalitaja jina la Kimanzi kwa sauti isiyo yake. Watu wakapiga makofi ya adabu.

* * *

Nyuma ya hema, penye masufuria ya pilau, Vincent alimvuta Kimanzi kando.

"Kijana, unajua umeshika kitu cha nani?"

"Cha marehemu Thadeus. Mama Lois aliniambia alikufa akipiga."

"Nilikuwepo. Ilikuwa harambee ya kanisa huko Njukini, jua liko hapa." Alionyesha utosini. "Alipiga nyimbo zake zote, watu wakatoa hadi kuku. Mwisho akasogea kwenye maikrofoni ashukuru. Hakushukuru. Alianguka kama mti. Na nikuambie kitu ambacho sijawahi kukitoa kichwani: mtu ameanguka, hapumui, tunamvua shati, na gitaa lake bado linalia."

"Watu walisema nini?"

"Walisema ni mkewe. Kwamba Lois alilipeleka gitaa kwa mganga ili limzuie mumewe kutembea tembea, likamzidi nguvu. Ukoo ukamtoa shambani, hata mazishini hakupewa udongo wa kutupa. Ndiyo maana yuko Kishushe peke yake. Mtu wa milima haendi Kishushe, kwenye ukame, kwa kupenda."

"Na nani alianzisha maneno kwamba ni gitaa?"

Vincent alitazama kule mbele, ambako Kituku alikuwa akikunja nyaya.

"Huyo bwana wako. Thadeus alikuwa anapiga kwenye bendi yake. Alisema aliona kwa macho yake gitaa likimvuta."

* * *

Mwende alikataa gitaa lisivuke kizingiti.

"Mwaitu, mama wee! Kimeua mtu, halafu unakitundika juu ya kochi analokalia mtoto wangu? Kipeleke huko huko kwa bendi."

Kimanzi akalipeleka stoo ya bendi, chumba cha mawe chenye mlango wa chuma, nyuma ya maduka. Jumatatu mchana Donald alimkuta hapo, amekaa sakafuni, anakitazama kitu chake.

"Nimefikiri sana kuhusu ule mkono wa Mzee," Donald alisema. "Alipiga maikrofoni. Hakupiga gitaa. Kama shetani yuko kwenye gitaa, kwa nini aogope maiki?"

Bila kungoja jibu aliivuta amplifaya nyeusi hadi mlangoni penye mwanga, akatoa bisibisi.

"Mzee akikukuta?"

"Atanikuta."

Alifungua mgongo wa amplifaya. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwita Kimanzi kwa kidole.

"Plagi ina nyaya tatu. Huu wa tatu kazi yake ni kurudisha umeme mbaya ardhini. Uko wapi?"

Kimanzi aliinama. Waya wa tatu ulikuwa unaning'inia, umeishia hewani.

"Umekatika."

"Waya ukiungua huwa mweusi, unajikunja. Huu ncha yake ni safi. Umekatwa kwa koleo." Donald aliongea polepole. "Amplifaya kuukuu hunguruma. Watu wavivu hukata huu waya, ngurumo inaisha, wanafurahi. Lakini tangu hapo kila chuma cha gitaa kinaweza kubeba umeme. Ukilishika tu, huenda usijue. Ila ukiweka mdomo kwenye maikrofoni, umeme unapata njia. Unapita kwako."

"Na shingo hii yote ni chuma."

"Mkono mzima unakuwa umeukumbatia."

Kimanzi alikumbuka Wundanyi, maikrofoni ilivyokuja hadi akaisikia harufu yake. Maisha yake yote alikuwa akijilaumu kwamba hajui kuimba. Hapo ndipo aliposhukuru.

"Donald, nani hufungua hii amplifaya?"

"Wewe umewahi kumwona mtu mwingine?"

Hawakulitaja jina. Donald alisema ataenda kula, kisha arudi aunganishe ule waya. Kimanzi hakungoja. Alilisimamisha gitaa ukutani, akatoka kutafuta pikipiki ya Kishushe.

* * *

Lois alikuwa nje, anachambua ndengu kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Umekuja kulirudisha."

"Hapana, Mama. Nimekuja kukuuliza. Kwa nini uliniuzia mimi?"

"Kaa."

Akakaa juu ya jiwe. Lois aliendelea kuchambua.

"Kulikuja mtu wa Nairobi na gari kubwa. Aliona picha ya gitaa kwenye simu, mjukuu wangu alikuwa ameiweka huko. Alitaka kulitundika ukutani ndani ya kioo. Alitaja pesa ambazo mimi nilikuwa nimesikia zikitajwa kwa shamba tu. Nikamwambia haliuzwi. Gitaa likitundikwa si maiti tu? Kisha ukaja wewe. Uliniambia unapiga kwa nani?"

"Kwa Kituku."

"Basi. Nilitaka lipigwe. Na nilitaka lipigwe mahali ambapo yule mtu hawezi kuziba masikio." Sasa aliinua uso. "Alilisikia?"

"Alilisikia. Mchana wote hakuweza kugeuka."

Lois alitikisa ungo, makapi yakaruka. Kimanzi akaona hakuna njia ya kulizunguka jambo hili. Akamweleza yote: ngurumo, koleo, waya wa tatu, shingo ya chuma mkononi na mdomo kwenye maikrofoni, na umeme uliopita katikati.

Mama yule alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo si gitaa."

"Si gitaa, Mama."

"Wala si mimi."

"Wala si wewe."

Lois aliweka ungo chini kwa uangalifu, kama una mtoto ndani. Alilia bila kutoa sauti, mikono imelala magotini. "Unajua," alisema baadaye, "wakikuambia jambo miaka na miaka, unafika mahali unajiuliza. Unaamka unajiuliza, labda kuna siku nilimkasirikia nikasema neno. Labda neno ndilo lilimuua."

Simu ya Kimanzi ilianza kutikisika mfukoni, ikakatika. Kishushe mtandao ni wa kuotea. Lois alimwonyesha kichuguu kikubwa nyuma ya zizi la mbuzi. "Panda hapo."

Alipanda. Ilikuwa Donald.

"Kimanzi! Uko wapi? Mzee amejifungia stoo!"

"Nani?"

"Kituku! Nimerudi kutoka kula, mlango umefungwa kwa ndani. Amplifaya niliiacha wazi, waya bado sijauunganisha, na ameona nimeona. Ameunganisha gitaa lako nayo. Amewasha kila kitu, mpaka maikrofoni. Sikia."

Kimanzi alisikia. Kupitia mlango wa chuma na simu mbili, sauti ile ilimfikia kama mtu aliyesimama kando yake. Hakujua kwamba Kituku anaweza kupiga gitaa hivyo.

"Kata umeme!"

"Mita iko ndani. Tumetuma mtu aite mchomeleaji, mlango ukatwe."

"Amegusa maikrofoni?"

"Bado. Anapiga tu. Kimanzi, watu wamejaa hapa, wengine ni wa huko milimani, wanasema hizo zote ni nyimbo za Thadeus. Anazipiga moja baada ya nyingine, kama anazimaliza."

Kimanzi aligeuka. Lois alikuwa amemfuata, amesimama chini ya kichuguu. Alikuwa amesikia.

"Mpigie," alisema. "Mpigie Kituku, unipe simu."

Kimanzi alimshukuru Mungu. Alidhani kama kuna mtu mmoja duniani anayeweza kumtoa Kituku mle ndani, ni huyu. Akamvuta mkono, akampandisha, akamkata Donald, akapiga namba ya Kituku, akaweka sauti ya nje, akampa.

Iliita muda mrefu. Kisha upande wa pili gitaa likanyamaza. Noti ya mwisho peke yake haikunyamaza.

"Kimanzi, niache," sauti ya Kituku ilisema.

"Si Kimanzi."

Upande wa pili noti bado ilikuwa imesimama.

"Mama Shanice." Kituku aliijua sauti ya Lois hata baada ya miaka yote ile, akamwita kwa jina la mwanawe.

"Nimesikia habari ya waya," Lois alisema.

Kituku alipumua kama mtu aliyetuliwa gunia. "Nilitaka kuja nikuambie. Nilikuwa nafika Mwatate, narudi. Mama Shanice, ilikuwa inanguruma tu. Nilitaka isingurume. Tangu siku ile sijathubutu kuugusa tena ule waya."

"Mimi usiniambie. Nje hapo kuna watu?"

"Wamejaa."

"Wa nyumbani wapo?"

"Nasikia sauti zao."

"Waambie hao."

"Nitawaambiaje? Mlango huu ni mzito. Nikipiga kelele hawanisikii."

Lois aliongea taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Maikrofoni huna?"

Kimanzi aliinamia simu. "Mama! Gitaa yuko nalo mkononi. Mwambie aliweke chini kwanza. Mzee! Mzee Kituku, weka gitaa chini!"

Alinyoosha mkono achukue simu. Lois alikuwa amezima ile sauti ya nje, amegeuka, amempa mgongo. Simu ameibana sikioni kwa mikono yote miwili, uso ameuelekeza milimani.

"Mama, nakuomba. Mwambie."

Lois alikuwa anasikiliza.

Kimanzi alisogeza sikio lake karibu na mikono ile, hadi akagusana nayo. Mbali, ndani ya simu, alisikia mtu akipuliza maikrofoni, vile waimbaji hupuliza wajue kama inashika.

Puu.

Kituku akavuta pumzi. Akapuliza tena, kwa karibu zaidi.